Jozi ya Zambarau: Historia ya Mawe Mawili Yanayofanana

Pete inahitaji jiwe moja. Hereni zinahitaji mawili, na hapo ndipo kazi inapoanza. Mpelekee sonara jiwe moja zuri la zambarau, safi, lisilo na ufa. Atalisifia, ataligeuzageuza kwenye mwanga, halafu atauliza swali dogo linalopunguza furaha yote: mwenzake yuko wapi? Jiwe moja, hata liwe zuri vipi, halivaliki masikio mawili. Na huyo mwenzake wa rangi ileile, ukubwa uleule na mkato uleule pengine bado yuko ardhini, au yuko kwenye kikaratasi cha dalali mwingine, au alishapanda ndege zamani.

Nataka kuandika juu ya huyo mwenzake. Historia ya vito imeandikwa kwa jiwe moja moja: almasi ya malkia fulani, yakuti ya taji fulani. Jozi haipewi jina, haiibiwi kwenye riwaya, haiwekwi peke yake kwenye kabati la makumbusho. Lakini ukiifuata jozi, hasa ya jiwe lisilo na jina kubwa kama spineli ya zambarau, unaona kitu ambacho jiwe moja halikuonyeshi: nani alikuwa na rundo. Sururu haitoi jozi ardhini. Jozi hutengenezwa mezani, na mtu mwenye mawe mengi kiasi cha kuweza kuchagua. Sisi Watanzania tumekuwa na mashimo kwa miaka mingi. Rundo lilikuwa kwa wengine.

Jiwe lililoishi kwa jina la mwenzake

Tuanze na spineli yenyewe, maana wengi tumelisikia jina hili juzijuzi tu. Kiswahili cha pwani kilirithi majina ya vito kutoka Uarabuni na Uajemi: yakuti, zumaridi, feruzi, akiki, almasi, lulu, marijani. Spineli haimo kwenye orodha hiyo. Si kwamba jiwe halikuwepo. Lilikuwepo, ila lilikuwa linaitwa yakuti.

Machimbo yake mashuhuri ya kale yalikuwa Badakhshan, kwenye milima ya Pamir, mahali panapoitwa Kuh-i-Lal ambapo leo ni Tajikistan. Waajemi waliliita jiwe hilo jekundu la'l. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anaitaja milima ya Badakhshan na mawe yake katika simulizi ya safari zake. Na kabla yake, katika karne ya 11, mwanazuoni al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya vito ambamo anaitenga la'l na yakuti. Aliyapima mawe kwa uzito na kwa maji, akaona kwamba hayafanani ndani hata kama macho yanasema yanafanana.

Ulaya ilichelewa. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, lile waliloliita Yakuti ya Mwanamfalme Mweusi, lilifika mikononi mwa Edward wa Wales mwaka 1367 kutoka kwa Pedro wa Castile. Si yakuti, ni spineli. Lile walilolibatiza kwa jina la Timur, lenye majina ya wafalme wa Kimughal yaliyochongwa juu yake, nalo ni spineli. Lilipelekwa kwa Malkia Victoria mwaka 1851 likiwa yakuti. Ni mwaka 1783 tu ndipo Mfaransa Jean-Baptiste Romé de l'Isle alipoliweka spineli mahali pake kama madini tofauti kabisa na yakuti.

Sasa angalia hesabu ya jambo hili. Spineli nyekundu iliishi mamia ya miaka kwenye mataji kwa sababu ilifanana na kitu ambacho watu tayari walikuwa wanakitaka. Ya zambarau haikuwa na bahati hiyo. Haikufanana na yakuti kiasi cha kumdanganya mfalme. Ikabaki kuwa yenyewe tu, na soko la vito halina huruma na kitu ambacho ni chenyewe tu. Mpaka leo spineli nyekundu na ile ya waridi iliyokolea hulipiwa pesa nyingi, na ya buluu ya kobalti vilevile, wakati ya zambarau hukaa chini yao kwa bei.

Hata jina la rangi yake lina utulivu wa nyumbani. Kamusi zina urujuani, neno lenye asili ya Uarabuni na Uajemi, zuri kwa mashairi. Lakini mtaani nani anasema urujuani? Tunasema zambarau, jina la tunda. Na mtu yeyote aliyewahi kununua zambarau kwenye karatasi iliyokunjwa anajua kwamba ndani ya karatasi moja kuna nyekundu-nyekundu zisizoiva, kuna za katikati, kuna nyeusi kabisa zinazoacha ulimi na rangi ya wino. Zote ni zambarau. Jaribu kutoa mbili zinazofanana kabisa. Utachambua karatasi nzima, na huenda usizipate mpaka muuzaji akuruhusu kuingiza mkono kwenye beseni.

Beseni la muuzaji ndilo rundo ninalolizungumzia.

Watu waliochagua rangi

Simiyu haijulikani kwa spineli. Mkoa wetu unajulikana kwa pamba, kwa ng'ombe, na siku hizi kwa dhahabu. Kwa hiyo msomaji wa Bariadi anaweza kuuliza, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu habari ya kuchagua pambo kwa rangi haikuletwa nchi hii na wanunuzi wa vito.

Soma vitabu vya wasafiri wa misafara ya karne ya 19. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya nchi za maziwa, anatumia kurasa kadhaa kuorodhesha aina za shanga, majina yake na mahali zinapopokelewa. Henry Stanley, aliyepita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, analieleza tatizo hilo kama mfanyabiashara aliyeumia kichwa. Unyamwezi walitaka shanga nyekundu, samesame, na nyingine walizikataa. Nyeusi zilikuwa fedha kamili Ugogo, lakini ukitoka Ugogo ni mzigo mtupu. Zile kubwa zenye umbo la yai zilithaminiwa Ujiji, kwingine hakuna aliyezitaka. Mkuu wa msafara alilazimika kujua, kabla hajaondoka Zanzibar, ni rangi gani itakayomnunulia mtama miezi mitatu mbele. Akikosea, watu wake wanalala njaa wakiwa na mizigo kamili begani.

Waliosoma riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Paradise* ya mwaka 1994, ambayo tunayo kwa Kiswahili kama *Peponi* kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, watakumbuka wasiwasi wa msafara ule wa bara: mali iko mabegani, lakini thamani ya mali inaamuliwa na watu mtakaowakuta. Hilo ndilo jambo ambalo vitabu vya shule havikutuambia vizuri. Tulifundishwa kwamba babu zetu walidanganywa na shanga. Ukweli ni kwamba walikuwa wateja wagumu. Mgeni aliyekuja na rangi isiyotakiwa aliambiwa arudi nayo.

Na pambo kwa Wasukuma na Wanyamwezi lilikuwa na daraja zake. Kibangwa, kile kipande cha duara kilichotengenezwa kwa kombe la konokono wa bahari ya Hindi, kilisafiri mamia ya kilomita mpaka kikawa alama ya utemi. Kitu cha baharini kikipimwa na kuthaminiwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona bahari.

Lakini kuna tofauti moja kati ya shanga na kito. Shanga nyingi za misafara zilitoka Venice, zimetengenezwa kwa kioo. Kiwanda kikishapata rangi, kinatoa maelfu, na zote ni ndugu. Jozi ya shanga haina thamani ya ziada, kwa sababu kila shanga ina wenzake elfu kumi. Jiwe la ardhini halina mwenzake mpaka mtu amtafute. Ndiyo maana katika biashara ya vito, mawe mawili yaliyooana kweli hulipiwa zaidi ya jumla ya bei ya kila moja likiwa peke yake. Ile ziada hailipii jiwe. Inalipia kazi ya kutafuta, na mtaji wa kukaa na mawe mengi bila kuyauza ukisubiri yaoane.

Jirani yetu Mwadui

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga, na Shinyanga kwa ulimwengu wa nje ilikuwa na maana moja: almasi. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alianzisha mgodi wa Mwadui mwaka 1940. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la waridi la karati 54.5, ambalo alimpa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi. Lilipokatwa lilibaki na karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalitengenezea bruchi ya umbo la ua. Picha zake zipo kila mahali.

Hii ndiyo historia ya jiwe moja kwa ukamilifu wake. Lina tarehe, lina jina, lina mpokeaji. Lakini mgodi haukuishi kwa jiwe lile. Uliishi kwa mamilioni ya mawe madogo ambayo hakuna aliyeyapiga picha, na mawe hayo thamani yake ilitokana na kuchambuliwa: kwa ukubwa, kwa umbo, kwa rangi, kwa usafi. Katika miaka hiyo kitovu cha uchambuzi na uuzaji wa almasi duniani kilikuwa London. Huko ndiko yalikoenda mawe ya migodi mingi, yakawekwa mezani, yakagawanywa kwenye mafungu, na fungu ndilo lililokuwa na bei.

Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka huohuo mgodi ukawa wa De Beers na serikali ya Tanganyika nusu kwa nusu. Baada ya uhuru nchi ikajaribu kuileta meza nyumbani: Iringa kikajengwa kiwanda cha kukata almasi, Tancut. Wazo lilikuwa sahihi. Lakini mkataji ni hatua ya pili. Wa kwanza ni yule mwenye rundo la kuchagua, na yeye hakuhamia Iringa.

Umba, Tunduru, Mahenge

Spineli ya Tanzania ilikuja na watu wa aina nyingine kabisa. Hapakuwa na uzio wala hospitali ya mgodi. Bonde la Umba, kule Tanga karibu na mpaka wa Kenya, lilianza kutoa johari za rangi nyingi miaka ya 1960. Matombo na Mahenge, mkoani Morogoro, zilijulikana kwa yakuti na spineli zilizomo kwenye miamba ya marumaru. Halafu katikati ya miaka ya 1990 ikalipuka Tunduru. Mito ya kule ilikuwa na kila kitu kwenye changarawe yake: yakuti za buluu, krisoberili, garneti, na spineli za rangi zote, pamoja na zambarau. Watu walihamia kwa maelfu. Kama ilivyo kwa kila mlipuko wa madini nchi hii, vijana wa Kanda ya Ziwa, wale ambao sururu ni kama kalamu kwao, hawakukosekana. Wanunuzi wakaja kutoka Thailand na Sri Lanka.

Biashara ilikwendaje? Mchimbaji anaosha changarawe, anapata mawe matatu siku hiyo. Moja la zambarau, moja la kijivu, moja halijulikani. Anadaiwa chakula. Hawezi kukaa na lile la zambarau miezi sita akisubiri mwenzake atoke. Analiuza jioni ileile kwa dalali. Dalali naye ana mawe ya wachimbaji ishirini, lakini na yeye kakopa. Anampelekea tajiri mjini. Tajiri anakusanya ya madalali kumi, anauza kwa mnunuzi wa Bangkok. Mnunuzi wa Bangkok anakusanya ya Tunduru, ya Madagaska, ya Sri Lanka, ya Burma. Mawe yanamwagwa kwenye meza nyeupe karibu na dirisha, Bangkok au Chanthaburi, na hapo kwa mara ya kwanza lile jiwe la zambarau linakutana na mwenzake. Inawezekana kabisa mwenzake alitoka mto uleule, wiki ileile, kwa mchimbaji aliyekuwa analala kibanda cha pili.

Kila hatua kwenye mnyororo huu ni hatua ya rundo kukua. Na kila rundo linapokua, uwezekano wa jozi unaongezeka. Ndiyo maana ile ziada ya jozi haikumfikia mtu wa shimoni. Wizi ulikuwepo, kama popote penye vito, lakini hata bila mwizi mmoja njiani matokeo yangekuwa yaleyale. Mtu mwenye mawe matatu hana cha kuoanisha.

Kuna njia moja tu ambayo ardhi yenyewe hutoa jozi: jiwe ghafi likiwa kubwa kiasi cha kukatwa mawili. Mawe ya tumbo moja, rangi moja, kila kitu kimoja. Mwaka 2007, Ipanko karibu na Mahenge, zilipatikana fuwele chache za spineli za ajabu, moja ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 50. Hazikuwa safi zote, lakini vipande safi vilivyotoka humo vilikatwa mawe mengi yenye rangi moja ya waridi-nyekundu, na jina la Mahenge likaingia kwenye msamiati wa masonara wa dunia. Soko la vito lilijifunza kulitamka jina la mahali petu. Ila lilijifunza kwa rangi ile tu. Zambarau za Mahenge, ambazo nazo zipo nyingi, zilibaki kwenye kikaratasi cha pembeni.

Jinsi ya kuoanisha

Sasa tuseme umeamua. Unataka hereni za spineli ya zambarau, za harusi au za mama yako. Unachaguaje? Kanuni zake zina mantiki, na zinafundisha kuangalia.

Rangi ndiyo ya kwanza, na rangi ina mambo matatu. Inaelekea wapi, wekundu au ubuluu? Ina kina gani, nyepesi kama ua au nzito kama tunda lililoiva? Na imekolea, au ina ukijivu ndani yake? Zambarau nyingi za spineli zina ukijivu kidogo. Huo si ubaya, bali mawe mawili lazima yawe nao sawasawa. Jiwe moja lenye ukijivu likikaa kando ya lisilo nao, litaonekana chafu hata kama peke yake lilipendeza.

Hapa spineli ina upole ambao mawe mengine hayana. Fuwele yake hupitisha mwanga kwa namna moja tu pande zote, kwa hiyo ukiigeuza rangi haibadiliki. Tanzanaiti, kwa mfano, ukiigeuza inaonyesha buluu upande huu na zambarau upande ule, na mkataji akikosea mwelekeo, mawe mawili ya fuwele moja yanaweza kutoka kama watu wasiojuana. Spineli haina vituko hivyo.

Ina kituko kimoja, cha taa. Zambarau yake hutokana na mchanganyiko wa chuma na kromiamu, na mchanganyiko huo hujibu mwanga. Mchana dirishani inaelekea ubuluu. Usiku chini ya balbu ya manjano inaelekea waridi. Mawe mawili yanaweza kuoana mchana na kuachana usiku. Kwa hiyo usinunue jozi ambayo umeiona kwa mwanga mmoja tu. Itoe nje, iingize ndani, iweke chini ya taa, kisha iweke juu ya ngozi ya mkono wako. Karatasi nyeupe ya dalali ni rafiki wa dalali. Mvaaji ana ngozi, hana karatasi.

La pili ni ukubwa, na hapa wengi hudanganyika na karati. Karati ni uzito, gramu 0.2. Mawe mawili ya karati moja yanaweza kuwa na sura tofauti kabisa, kwa sababu moja limeficha uzito wake chini, tumboni, na lingine limeuweka juu. Sikio halioni tumbo. Pima milimita za uso: urefu na upana. Halafu yageuze uangalie kina, kwa sababu jiwe lenye kina kidogo huacha dirisha katikati, ukilitazama unaona kidole chako upande wa pili, wakati mwenzake anang'aa.

La tatu ni mkato: umbo moja, idadi moja ya nyuso, zimepangwa namna moja. Jozi nzuri mara nyingi hukatwa upya pamoja, na mkono mmoja. Hilo lina gharama, kwa sababu kila ukikata unapoteza uzito. Kutoka jiwe ghafi mpaka kito, zaidi ya nusu hubaki kwenye gurudumu kama vumbi.

La nne ni shaka. Spineli za kutengenezwa maabara zipo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na rangi ya zambarau haiwashindi. Zinatoka kubwa, safi na sawasawa. Ukiletewa jozi kubwa isiyo na kasoro hata moja, rangi moja kama rangi ya ukutani, kwa bei ya kufurahisha, jua kwamba ardhi haina ukarimu huo. Spineli ya asili ina ugumu wa 8 kwenye kipimo cha Mohs, hupinda mwanga kwa 1.718, na kwa kawaida ina alama ndogo ndani yake, mithili ya alama ya chanjo begani. Mpeleke mtu mwenye vifaa aipime.

Na la mwisho ni jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Mawe mawili kwenye pete moja yanakaa bega kwa bega, tofauti ndogo itapiga kelele. Lakini hereni zimetenganishwa na uso mzima wa mtu. Huwezi kuziona zote mbili vizuri kwa mtazamo mmoja, isipokuwa umesimama mbele kabisa, na hata hapo masikio yenyewe hayafanani. Tofauti ndogo sana, ile inayoonekana mezani tu, sikioni inapotea. Yaani ile ziada kubwa ya jozi kamilifu kwa sehemu inalipia macho ya mezani, macho ya Bangkok. Mvaaji wa kawaida anaweza kuoana na jozi ya bei ya chini na asipoteze kitu.

Safi na fifi

Nimesema ziada inalipia kazi ya kutafuta na mtaji wa kusubiri. Mkulima wa pamba wa Simiyu anaijua nusu ya kwanza ya sentensi hiyo kuliko mtu yeyote. Kila msimu anakaa chini na familia yake kutenganisha pamba safi na pamba fifi, kwa mkono, kwa macho, nyuzi na nyuzi. Kuchambua si ujuzi wa kuagiza kutoka nje. Kinachokosekana ni hiyo nusu ya pili, uwezo wa kukaa na mali bila kuiuza jioni ileile.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la hereni. Januari 2024, kwenye mgodi wa Ng'alita hapa wilayani Bariadi, zaidi ya watu 20 walifukiwa wakati wa mvua wakitafuta dhahabu mahali walipokatazwa kuingia. Dhahabu haihitaji jozi. Gramu ni gramu. Lakini haraka iliyowaingiza mle, ile haja ya kupata kitu leo na kukiuza leo, ni ndugu wa ile iliyomfanya mchimbaji wa Tunduru auze zambarau yake moja kabla jua halijazama. Asiyeweza kusubiri haoanishi. Na wakati mwingine haishi.

Yapo yaliyobadilika. Sheria ya Madini ilirekebishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 2017 ili thamani iongezwe nchini. Mwaka 2019 serikali ilianza kufungua masoko ya madini mikoani, la kwanza likiwa Geita. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia kinachofundisha vijana, wengi wao wanawake, kukata mawe kwa vipimo vya dunia. Soko ni mahali ambapo mawe ya wachimbaji wengi yanaweza kukaa chumba kimoja. Kwa lugha ya makala hii, ni mahali ambapo rundo linaweza kukaa nyumbani.

Lakini soko la kupima na kulipa kodi halijawa meza ya kuoanisha. Inahitajika mikopo ya kumwezesha mtu kushika jiwe lake miezi michache, au vikundi vya wachimbaji vinavyoweka mawe yao pamoja na kuyachambua kabla ya kuuza. Na nadhani zambarau ndiyo rangi ya kuanzia. Nyekundu ina matajiri wengi juu yake. Zambarau bei yake ni ya chini, kwa hiyo rundo lake linaweza kushikwa na watu wenye mtaji mdogo, na wateja wake wanaweza kuwa sisi wenyewe: bibi harusi wa Bariadi, mwalimu wa Maswa, dada aliyeuza pamba vizuri mwaka huu.

Kwa hiyo ukienda kwa sonara na akakuonyesha mawe mawili ya zambarau yaliyooana, usiishie kuuliza yametoka wapi. Atakwambia Mahenge au Tunduru, na huenda ni kweli. Muulize yalikutana wapi.